Gari Nililonunua Nikiwa na Mafua

Vijana wangu, mnanichosha na picha. Haipiti wiki mmoja wenu hajanifuata hapa kibarazani, akanitupia shikamoo ya haraka haraka, kisha akanisukumia simu usoni: "Babu, hebu liangalie hili. Linafaa?" Kwenye simu kuna kigari kidogo kimeoshwa, matairi yamepakwa dawa yanang'aa kama viatu vya bwana harusi, kimeegeshwa mbele ya bustani ambayo wala si ya mwenye gari. Nikisema sijui, mnadhani ninaringa. Siringi. Gari halikaguliwi kwenye picha. Halafu mimi nina sababu zangu za kuogopa kutamka "linafaa", na leo nitawaeleza. Najua mnasikia watu wa mtaa huu wakiniita Baba Beberu, na mnanyamaza kwa heshima. Bora msikie jina hilo lilikotoka kutoka kwangu mwenyewe kuliko kwa majirani, ambao huongeza chumvi.

Jina langu ni Omari. Nilizaliwa Kolo, huko Kondoa, kule wageni wanakoteremka kwenda kuangalia michoro ya miambani. Wenzangu walikimbilia kuwaongoza wageni kupanda mlima. Mimi nilibaki chini nikichungulia uvungu wa magari yao. Mpaka leo mtu akiniuliza kuhusu ile michoro namwambia ni mizuri, lakini kwa kweli ninachokumbuka vizuri zaidi ni magari yaliyokuwa yanavuja oili.

Nikaja Dodoma, nikaingia gereji moja karibu na reli, chini ya mwalimu wangu Fundi Isaya, Mungu amrehemu. Fundi Isaya alikuwa mtu wa maneno machache, na kati ya hayo machache mengi yalikuwa matusi. Siku ya kwanza alinipeleka kukagua gari la mteja. Nikafungua boneti, nikakuta injini inameta, huoni hata vumbi. Nikasema, "Fundi, injini safi sana hii."

Akaniangalia kama anayeangalia msiba.

"Wewe ukioga unakwenda wapi?"

"Popote tu. Sokoni, msikitini."

"Na injini ikioga inakwenda wapi?"

Nikaitazama tena ile injini.

"Inakwenda kuuzwa," akasema. "Wamefuta oili inayovuja. Iwashe uiache ingurume, halafu uinamie."

Nikaiwasha, nikainama. Baada ya muda tone likaanguka, likafuatiwa na lingine, na la tatu likanidondokea kwenye sikio. Ndivyo nilivyofundishwa.

Tangu hapo kazi yangu kubwa ikawa hiyo: kukagulia watu vigari vidogo vilivyotumika, hivi mnavyoviita beibi woka. Serikali ilipohamia huku, mji ukajaa watu wanaotaka kigari cha kuwafikisha ofisini bila kumaliza mshahara kwenye mafuta. Wakaja walimu, wauguzi, wanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga waliochangiwa na ukoo mzima. Kila mmoja alikuwa anaambiwa jambo moja: "Usinunue bila Fundi Omari." Nilijisikia sana. Nilikuwa nikifika mahali gari linapouzwa, dalali anabadilika rangi, nami nalizunguka taratibu mikono nyuma kama afisa anayekagua gwaride.

Kazi yenyewe nitawapa, kwa sababu haina siri. Nenda asubuhi, gari likiwa baridi. Kabla hata ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ujue kuna mtu ameliamsha mapema ili usisikie linavyohangaika kuwaka. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, aga uondoke. Angalia pedeli za miguu. Kilometa kwenye dashibodi zinaweza kupunguzwa na mtu mwenye kompyuta, lakini mpira wa breki uliolika haudanganyi. Uvute mkanda wa siti mpaka mwisho wake: ukikuta tope limeganda huko ndani, gari hilo liliwahi kuogelea. Kata stelingi mpaka mwisho, kulia kisha kushoto, uende polepole na madirisha wazi. Ukisikia kitu kinagonga ka-ka-ka gurudumuni, jointi imekwisha. Mwisho usome kadi ya gari, na jina lililoandikwa liwe la huyo anayekuuzia, au awe na maelezo yanayoeleweka. Mwenye haraka ya kuuza na mwenye hadithi ndefu, wote wawili waogope.

Huyo ndiye Fundi Omari mliyesimuliwa. Sasa niwape na yule mwingine.

Alikuja mwalimu mmoja, Mwalimu Upendo, amependa kigari chekundu. Nikakikagua. Gia ya kurudi nyuma ilichelewa kidogo kuingia, na moshi sikuupenda. Nikamwambia aache. Akasema, "Lakini Fundi, angalia rangi yake ilivyo nzuri." Nikamjibu mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayejua, "Mwalimu, hapa hatununui kanga." Watu wakacheka. Mwalimu Upendo hakucheka. Akamgeukia dalali, akalinunua palepale nikiwa nimesimama. Nikawaambia wenzangu gereji kwamba mvua zikianza tu tutaliona kwenye kamba, linavutwa. Vijana, mvua zimekuja zimeondoka, kisha zimekuja tena, miaka na miaka, na lile gari bado linatembea. Kila akipita mbele ya gereji alikuwa anapiga honi, anateremsha kioo: "Fundi! Kanga yangu haijachuja!" Mimi nilijifanya nimeingia uvunguni.

Nilikagulia watu magari umri wangu wote wa kazi, na mwenyewe nilikuwa natembea kwa baiskeli. Mke wangu, Mama Rehema, hakulalamika sana, ila nilimwahidi gari tangu Rehema ananyonya, na Rehema sasa ana watoto wanaonyoa ndevu. Nilipostaafu, ahadi ikageuka kuwa jambo lenye uzito, kwa sababu ya mama mkwe wangu.

Mama Rehema ni Msandawe. Mama yake anaishi kijijini, magharibi ya Chemba, ambako lami inakwisha na njia ya vumbi inaanza. Mama mkwe wangu yule amefuga mbuzi tangu utoto. Macho yake yakaanza kufunga, mboni zikawa nyeupe. Mganga wa zahanati akasema ni mtoto wa jicho, akifikishwa hospitali mjini anafanyiwa upasuaji mdogo, anaona. Lakini hafikishiki. Bibi yule gari humtapisha mpaka anabaki hana nguvu. Tulimpandisha basi, akaomba ateremshwe kabla hata hawajafika mbali, akarudi nyumbani anaongozwa kwa fimbo. Mara nyingine tukakodi gari dogo, zuri, limening'inizwa pafyumu kwenye kioo. Aliingiza kichwa tu, akatapika mlangoni.

"Niacheni," akasema. Kiswahili chake ni cha maneno ya kuhesabu, lakini hayo aliyasema wazi. "Nitakufa na giza langu nyumbani."

Mama Rehema alilia siku hiyo mpaka tunafika Dodoma. Ndipo tukakubaliana: tupate kigari chetu wenyewe, tumfuate, twende naye pole pole, tusimame kila anapotaka kusimama, hata safari ichukue siku nzima. Nikamwambia mke wangu, "Sasa utaona kazi ya fundi. Nitakuletea gari ambalo halijawahi kuonekana mji huu."

Hilo nililitimiza.

Nikasikia kuna bwana mifugo mstaafu huko Mpwapwa anauza kigari chake. Siku ya kwenda niliamka na mafua makali, pua zimeziba zote mbili, masikio yanavuma. Mama Rehema akasema, "Baba Rehema, si usubiri upone?" Nikamwambia gari linakaguliwa kwa mikono na macho. Nikapanda basi la asubuhi, nikachelewa njiani, nikafika Mpwapwa jua limeshapanda. Kanuni ya kwanza, gari baridi, nikawa nimeshaivunja kabla ya kuteremka kwenye basi.

Bodaboda ikanifikisha kwa mwenyeji wangu, Mzee Chibago. Mgogo mrefu, mpole, anachechemea. Alinipokea kama ndugu. Kabla sijaliona gari nilikuwa nimeshakalishwa, nimeletewa ugali, mlenda na maziwa ya mgando. Mimi ambaye nimewakataza watu maisha yangu yote kula kwa mtu anayewauzia gari, nilimega, nikaramba vidole. Tukazungumza habari za ustaafu, za viungo vinavyouma, za watoto wasiopiga simu. Akaniambia anauza kwa sababu mguu wa kulia umekataa breki. Maneno hayo yakanigusa kwelikweli. Wakati tunainuka kwenda kuliangalia gari, moyoni nilikuwa nimeshalinunua.

Lilikuwa limeegeshwa penye upepo, milango yote wazi, buti wazi. Nikasema moyoni, huyu mzee hana cha kuficha. Haikunijia kujiuliza kwa nini gari linapigwa upepo.

Nikaligusa, nikalifungua, nikalala uvunguni mwake. Injini, wallahi, ilikuwa nzima kabisa. Oili safi, gia zinaingia kama kisu kwenye ndizi mbivu, kadi ina jina lake. Mzee Chibago alisimama pembeni akipapasa paa la gari kwa kiganja.

"Limenisaidia sana hili, Fundi," akasema. "Wamepita wengi humu ndani. Wazima, wagonjwa. Wengine wamezaliwa humu humu, kwenye siti ya nyuma."

Nikashikwa na huruma. Nikamwona mzee wa watu, hana hili wala lile, anaamka kuwawahisha wajawazito wa kijiji kwenye kigari chake.

"Mungu atakulipa, Mzee," nikamwambia. "Hilo si jambo dogo."

"Hata wenyewe hawanisahau," akasema. "Nikipita wananiita."

Karibu nitoe machozi. Tukamalizana, tukaandikishana, tukaagana kwa kushikana mikono muda mrefu. Akaliambia gari, "Nenda salama." Nikaondoka.

Njia ya Kongwa mpaka Mbande niliendesha nikiimba kwa sauti ya mafua. Jua lilikuwa kali, madirisha nimeyafunga kwa sababu ya vumbi na kikohozi. Pale Mbande nilisimama kununua maji. Dada mmoja muuza karanga akaja dirishani na beseni lake, nikateremsha kioo, akarudi nyuma hatua moja, akaondoka bila kusema neno. Nikadhani ameitwa na mteja mwingine.

Nikaingia nyumbani napiga honi. Mama Rehema akatoka amevaa kanga mpya, majirani nyuma yake. Akaja anacheka, mikono imefunguliwa. Alipofika mlangoni mwa gari akasimama. Akaangalia ndani, akaangalia siti ya nyuma. Akazunguka kwenye buti, akalifungua, akaliangalia kwa makini.

"Baba Rehema," akasema, "yuko wapi?"

"Nani?"

"Mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Uliyekuja naye."

Nikamwambia sikuja na mbuzi. Akaniangalia usoni, akaona sitanii. Jirani yetu Mama Happy akaingiza kichwa dirishani, akakitoa haraka, akafunika pua kwa ncha ya kanga. "Shemeji," akasema, "huyu si mbuzi tu. Huyu ni beberu."

Mimi sikusikia harufu yoyote! Niliingiza kichwa, nikavuta pua mpaka macho yakatoa machozi, hakuna kitu. Nikawaambia wananisingizia. Nikanyanyua siti ya nyuma kuwaonyesha gari ni safi, na chini yake nikakuta manyoya meupe, mabua makavu, na vile vigololi vyeusi ambavyo kila aliyekulia Kondoa anavijua bila kuambiwa.

Nikampigia simu Mzee Chibago palepale.

"Mzee, shikamoo. Uliniambia wengine wamezaliwa humu ndani."

"Marahaba. Ndiyo. Mapacha."

"Mapacha wa nani, Mzee?"

"Wa mbuzi, Fundi. Mimi bwana mifugo. Wewe ulidhani wa nani?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Kicheko cha mtaa ule bado nakisikia.

Siwezi kusema mzee alinidanganya. Alisema kila kitu. Mwongo nilikuwa mimi, niliyejidanganya kwa mlenda na mgando, pua imeziba. Mafua yalipopona nilijua wenzangu walikuwa wakivumilia nini. Asubuhi, kukiwa na ubaridi, harufu inalala. Jua la Dodoma likipanda na vyuma vikipata moto, beberu anaamka, anajinyoosha, anakukalia mapajani.

Nikaanza vita. Nilitoa siti zote nikazianika juani, nikafua kapeti na kuzitundika uani, nikasugua kwa sabuni, kwa limau, kwa magadi, kwa majivu. Mtu akaniambia kahawa mbichi ndiyo dawa, nikamwaga kahawa. Tukapata harufu ya beberu anayekunywa kahawa. Mwisho nikanunua pafyumu ya gari, zile za kuning'iniza, halafu nikaongeza na ya kupuliza. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Mama Rehema alisema sasa beberu ameoga, amejipulizia, anakwenda kuposa.

Jina likaenea. Wateja wangu wa zamani walikuwa wanapita kunipa pole, kila mmoja na tabasamu analolibana. Hata Mwalimu Upendo akaja, na kile kigari chake chekundu. Nikajiandaa kwa maneno ya kanga. Hakuyasema. Alilizunguka gari langu taratibu, mikono nyuma, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Kisha akauliza kwa upole, "Fundi, hili ulilikagua?" Heri angenitukana.

Halafu Mama Rehema akaongeza la kwake. Tulikuwa tunatoka sokoni, nikakata kona, akasema, "Gari lako linasema kitu pale mbele." Nikamwambia ni kokoto. Akasema si kokoto, linasema hivi. Akalitoa lile neno la gari kwa ulimi wake wa Kisandawe, ule mdoko, mlio wa kugonga ulimi kinywani, ambao miaka yote ya ndoa nimejaribu kuuiga nikashindwa. Aliutoa sawasawa, kwa mwendo uleule wa gurudumu. Nikateremka, nikakata stelingi mpaka mwisho, nikasogeza gari. Jointi ya kushoto. Masikio yangu yalikuwa yanavuma siku ile Mpwapwa, sikuisikia. Nikaibadilisha kimya kimya, naye akakaa kwenye kigoda pembeni, anamenya viazi, anautoa ule mdoko polepole kila nikimtazama.

Nikaamua kuliuza. Nilisema kwa hasira: siwezi kumpeleka mama mkwe hospitali ndani ya zizi. Mwanamke anayetapishwa na gari safi, hapa si atatokwa na roho? Mama Rehema hakubishana, na mimi nikajua kwake hiyo ni ahadi nyingine iliyokufa.

Kabla sijampata hata mtu wa kulitazama, simu ikapigwa kutoka kijijini. Mama mkwe alikuwa anapapasa njia jikoni, akakanyaga figa, akaangukia motoni kwa mkono. Mkono umeungua kiasi, utapona, lakini aliyepiga simu akasema, "Mara nyingine atauangukia kwa uso."

Mama Rehema akakata simu, akaanza kufunga kanga zake kwenye mfuko.

"Tunakwenda na nini?" nikamuuliza.

"Na beberu wako," akasema. "Washa."

Tukaondoka kabla jua halijakolea. Lami mpaka Chemba ikatupokea vizuri, kisha vumbi, makorongo, mawe. Kigari kikapanda, kikashuka, wala hakikukohoa. Injini ile nilikuwa nimeichagua vizuri, nami nikajipa moyo na hilo moja. Lakini kila jua lilivyopanda, mgeni wetu alikuwa anaamka nyuma, na mimi nikawa natazama ile pafyumu inayoning'inia kwenye kioo, nasema moyoni, angalau hiyo itapambana.

Tukamkuta mama mkwe amekaa nje ya nyumba, mkono umefungwa kitambaa, uso umeelekezwa kwenye sauti ya gari. Tukasalimiana. Mama Rehema akamweleza kwa lugha yao. Bibi akatikisa kichwa, hataki. Wakabishana muda mrefu, mimi nimesimama pembeni kama mzigo. Mwisho bibi akainuka, nadhani ili atuonyeshe kwamba haiwezekani, tumwache apumzike. Akaongozwa mpaka mlango wa nyuma. Akaingiza kichwa.

Akakitoa papo hapo, akashika tumbo.

"Toa," akasema kwa Kiswahili, akinyoosha kidole mbele, kwenye kioo, bila kuona. "Toa hiyo tamu."

Nikaing'oa pafyumu, nikaifungia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda kuitupa mbali. Nikafungua milango yote, tukasubiri upepo upite. Niliporudi nikajiandaa kuomba radhi kwa kitakachofuata. Bibi akaingiza kichwa tena. Akakaa hivyo, ameinama. Akavuta pumzi, akavuta tena. Akanyoosha ule mkono mzima, akapapasa siti mpaka pembeni, kwenye mshono, akatoa unywele mmoja mweupe, akauzungusha vidoleni.

Akamuuliza binti yake kitu.

"Anauliza mbuzi ni wa nani," Mama Rehema akaniambia. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, sikujua ni kicheko au kilio.

"Mwambie ni wa mzee mmoja wa Mpwapwa. Mwambie walizaliwa humo mapacha."

Akamwambia. Mama mkwe akapanda. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemsukuma. Akakaa, akaegemeza kichwa kwenye ile siti niliyoisugua kwa majivu na limau na kahawa, akasema neno moja fupi ambalo hata mimi nililielewa: twende.

Niliendesha kama nabeba mayai. Kila korongo nilikuwa nasubiri aseme simama. Tulipokanyaga lami nikaangalia kwenye kioo: amelala, mdomo wazi kidogo, mkono mzima uko juu ya siti kama aliyelaza kiganja juu ya mgongo wa mnyama. Mama Rehema alikuwa analia bila sauti. Mimi sikulia, mimi nilikuwa dereva. Ila nilikuwa naona barabara vibaya kidogo, na jua halikuwa usoni.

Akafanyiwa upasuaji. Walipomfungua kitambaa cha macho nasi tukaruhusiwa kwenda kumchukua, akatoka anatembea mwenyewe, amekunja uso kwa mwanga, anaangalia kila kitu: miguu ya watu, maua, muuza maji, mikono yake mwenyewe. Nilikuwa nimelisogeza gari karibu na mlango, nimesimama mbele yake na kanzu yangu ya Ijumaa. Nilitaka anione vizuri. Macho yalianza kumfifia zamani sana, nami nilikuwa sijawahi kwenda kijijini na kitu cha kujivunia.

Akaliangalia gari kwanza. Akaligusa boneti, akainama akatazama matairi, akachungulia siti yake ya nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanigeukia. Akanitazama kuanzia kofia, akashuka kwenye tumbo, mpaka viatu, akapanda tena juu taratibu, hana haraka. Akamwambia binti yake maneno machache, yenye midoko mingi.

Mama Rehema akacheka mpaka akashika ukuta wa hospitali. Nikamuuliza amesemaje. Nikamuuliza tena.

"Anasema," akafuta machozi, "gari ni zima. Anachotaka kujua ni nani alinikagulia mume."

Nikamfungulia mama mkwe mlango wa nyuma.